Mbolea ya Siku Kumi na Nne

Mashina mia tano na arobaini ya nyanya yalinifia ndani ya siku kumi na mbili, nami nikaenda ofisi ya kijiji kumwandikisha Sultani kwamba ndiye aliyeyaua.

Sikwenda kwa hasira za dakika moja. Nilioga kwanza, nikavaa shati la kanisani, nikapanda mlima kutoka bondeni hadi Makote kwa miguu. Ni mwendo wa saa nzima na robo. Njia yote hiyo nilikuwa na nafasi ya kugeuka, na sikugeuka.

Sultani ni Mmakua wa Chiungutwa, kule chini Masasi. Mimi ni Mmakonde wa Makote. Sisi ni watani, na kila mtu wa huku anajua maana yake. Mtani anaweza kukuita maiti mbele ya mkweo. Anaweza kumkamata kuku wako uani nawe unamtazama, akaondoka naye kwapani, na wewe huna la kufanya ila kucheka na kungoja zamu yako. Alikuja huku juu miaka kumi na moja iliyopita kufanya kibarua cha kupulizia mikorosho salfa, akaniomba kipande cha bondeni alime mboga. Bonde lile ni la ukoo wa mama yetu. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni dada yangu Agatha. Lakini Agatha ana magoti mabovu, hashuki bondeni, na mara nyingi ninachosema mimi ndicho kinachokuwa. Nilisema apewe. Akapewa hatua arobaini kwa ishirini na tano, juu ya shamba langu, kando ya kijito kilekile. Hakutoa kitu. Akajenga nyumba ya udongo, akamleta mkewe Yasmini, wakakaa. Mikorosho hana hata mmoja. Kipande kile ndicho kilichomweka huku. Ukoo ukisema atoke, anarudi Chiungutwa kuanza upya na umri wake wa miaka hamsini na minne. Hilo alilijua na mimi nililijua, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelitaja.

Sasa habari ya mbolea.

Shule niliacha darasa la nne. Mbolea ya dukani naijua bei yake, ndiyo maana natengeneza yangu. Nina pipa la plastiki la lita mia mbili, nalikalisha chini ya mti karibu na kijito. Nachukua nusu gunia la samadi ya mbuzi iliyokauka, natia jiwe ndani, nafunga mdomo kwa kamba, nalizamisha. Juu yake natia madebe matatu ya majani mabichi yaliyokatwakatwa, halafu majivu ya jikoni, halafu maji mpaka karibu na mdomo. Nafunika. Kila asubuhi nakoroga kwa mti mrefu, na kila asubuhi linanuka zaidi ya jana. Siku ya kumi na nne povu linakuwa limeisha na maji yamekuwa meusi kama kahawa. Nachuja kwa kipande cha chandarua, nachanganya ndoo moja ya mbolea na ndoo tatu za maji, namwagia shinani, kila shina kopo moja, bila kugusa majani. Misimu minne nilifanya hivyo. Nyanya zangu wanawake walizifuata kutoka Newala mjini, na zingine zilipanda basi mpaka Tandahimba.

Majani niliyozoea kutia ni alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kando ya njia ya kushuka bondeni. Mwaka huu greda lilipita kuchonga njia, likaizoa yote pamoja na udongo. Nikatafuta majani mengine. Mwezi wa saba nilikuwa nimepiga dawa ya magugu chini ya mikorosho yangu, ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Dawa nilinunua ya kupimiwa, ndani ya chupa ya soda isiyo na karatasi. Aliyeniuzia alisema vifuniko sita kwa bomba moja la kupulizia, basi, hakusema lingine na mimi sikuuliza. Siku ya nne magugu yalikuwa yamelala, yamejikunja, lakini bado mabichi na laini. Nikaona kuyaacha yakauke bure ni uvivu. Nikayafyeka, nikajaza madebe matatu, nikashuka nayo bondeni.

Siku ya saba ya pipa, Sultani alipita akasimama. Mke wangu Severina alikuwa akipalilia tuta la mwisho.

"Mtani," akasema, kola ya shati ameivuta mpaka puani, "umemzika nani humu?"

"Babu yako."

"Babu yangu alikuwa anaoga. Huyu Mmakonde."

"Mchunguze vizuri, utamkuta kakumbatia kuku wa watu. Ni Mmakua."

Severina akacheka. Sultani akamgeukia. "Shemeji, unalalaje na huyu? Anarudi nyumbani ananuka hivi, unamwekea chakula, unamwita mume?"

"Analala nje," Severina akasema. "Mbuzi ndio wanaingia ndani."

Sultani akafunua mfuniko, akachungulia, akaufunika upesi. "Ikiiva nachota ndoo mbili."

"Chota uone," nikasema. "Ukichota naandaa sanda."

"Sanda wewe utaitoa wapi, bahili mkubwa? Utanifunga kwenye mfuko wa salfa. Nachota."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kila siku. Nayaandika kama yalivyosemwa kwa sababu baadaye yalitajwa ofisini.

Siku ya kumi na nne nilipofika bondeni, pipa lilikuwa limepungua kwa kiasi cha ndoo mbili ndogo. Chini kwenye tope palikuwa na alama za makubazi ya tairi, la kushoto limekatika kisigino. Makubazi ya Sultani. Nilicheka. Nikasema moyoni, zamu yangu inakuja, nitachukua jogoo wake. Nikachuja, nikamwagia mashina yote, mia tano na arobaini. Yalikuwa na maua, na ya mbele yalishaanza kushika matunda ya ukubwa wa gololi.

Siku ya tatu vichwa viliinama. Siku ya tano mashina yalikuwa yamejisokota kama kamba, majani yamekuwa membamba, yamejikunja kama ngumi. Maua yakapukutika. Shina chini likavimba, likapasuka. Mnyauko naujua, kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani, namjua, ugonjwa wa madoa naujua. Huu haukuwa mmoja wao. Na haukuanzia pembeni ukasambaa. Ulishika shamba zima siku moja, mstari wa kwanza sawa na wa mwisho.

Siku ya kumi na mbili nilihesabu. Halikubaki shina hata moja lililosimama.

Nikakaa juu ya ndoo, nikafikiri, na nilichofikiri kilikuja chepesi mno. Nani amefika kwenye pipa? Makubazi ya nani yale? Nani anauza nyanya soko lilelile, anayeambiwa kila siku kwamba zake ndogo? Nikainuka na panga mkononi. Sikuwa na haja ya panga, lakini nililichukua.

Nilikutana naye katikati ya njia. Alikuwa akishuka kwangu. Mkononi alishika mashina matano ya nyanya, yamesokotwa vilevile kama yangu.

"Umetia nini kwenye pipa?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kuuliza swali hilohilo.

"Mimi ndiye ninayeuliza," nikasema. "Wewe umetia nini kwenye pipa?"

"Mashina sitini, Optatus. Sitini. Yale niliyomwagia uchafu wako. Mengine mazima, haya yamekufa. Ulijua nitachota. Ulisema unaandaa sanda."

"Kwa hiyo mengine ya kwako yamepona."

"Yamepona kwa sababu sikuyamwagia."

"Yamepona kwa sababu hukutaka yafe. Umeua sitini ya kwako ili nisikushike. Unanichukulia mimi mtoto?"

Akatazama panga. "Hili unalisema kama mtani?"

"Ondoka mbele yangu."

"Nimekuuliza."

"Mchawi wewe. Wewe na huyo mwanamke uliyemtoa Chiungutwa. Miaka kumi na moja nakulisha kwenye ardhi ya mama yangu, unaniroga."

Neno mchawi lilishatoka mara elfu kinywani mwangu, na mara elfu kinywani mwake. Lakini siku zote tulikuwa tunalitupa na kicheko nyuma yake, na safari hii nyuma yake hapakuwa na kitu. Akayaweka yale mashina matano chini, taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa mayai. Akarudi kwake.

Kesho yake ndiyo nilivaa shati la kanisani.

Mwenyekiti wa kijiji, Benedikto, ni mtu wa makamo yangu, tulipelekwa jando mwaka mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu haijafunguliwa. Kisha akamwita Sultani kwa simu. Sultani alikuja na Yasmini. Tukakaa kwenye benchi mbili, tunatazamana.

"Optatus," Benedikto akasema, "huyu ni mtani wako. Mambo ya watani hayaletwi hapa. Nendeni mkachinjane kuku, mkatukanane mchana kutwa, yaishe."

"Andika," nikasema.

"Nikiandika, limetoka kwenye utani. Unajua hilo?"

"Najua kusoma na kuandika. Andika."

Sultani akavua kofia, akaishika magotini. "Mwenyekiti, muulize. Ameniita mchawi kwa utani au kwa kweli?"

"Muulize mwenyewe, amekaa hapo."

"Simuulizi. Muulize wewe."

Benedikto akanigeukia. Nikasema, "Kwa kweli."

Benedikto akafungua kalamu. Aliandika tarehe, jina langu, jina la Sultani, idadi ya mashina, na neno lile. Nikatia sahihi. Yasmini alikuwa akitazama ukuta ulio nyuma yangu. Mumewe akasema, "Na yangu iandikwe." Ikaandikwa ukurasa wa pili: kwamba Optatus alitia sumu kwenye pipa akijua Sultani atachota, na kwamba siku saba kabla alitamka kwa kinywa chake kuwa ataandaa sanda. Severina akatajwa kuwa shahidi wa maneno hayo.

"Habari ya kipande cha bondeni si yangu," Benedikto akasema akifunga daftari. "Hiyo ni ya ukoo wenu."

"Jumapili ukoo unakaa," nikajibu, na nililisema huku nikimtazama Sultani, ili asikie vizuri.

Nyumbani Severina hakuniuliza lolote. Alinipa maji ya kunawa, akanipa ugali, akaondoka. Siku nne zikapita hivyo. Niliona makopo mawili ya maziwa juu ya uchanja wa vyombo, kila moja na mche wa kunde, lakini sikuuliza. Wanawake hupanda vitu kwenye makopo.

Jumamosi mchana alichukua yale makopo mawili akayaweka mkekani, mbele ya sahani yangu.

"Baba Chrispin, tazama."

"Naona kunde."

"Hii inakunywa maji. Hii nimeipa kutoka chini ya pipa lako, mara moja tu, Jumanne."

Ya kwanza ilikuwa imesimama, majani manne. Ya pili ilikuwa imesokotwa shingo, majani yamekunja ngumi. Kama nyanya zangu, sawasawa.

"Si nilisema," nikamwambia. "Kuna kitu aliweka kwenye pipa."

"Aliyeweka vitu kwenye pipa ni wewe. Nitajie ulivyoweka."

"Unanihoji?"

"Nitajie."

"Samadi. Majivu. Majani. Maji."

"Samadi ya mbuzi wetu?"

"Ya nani mwingine?"

"Nimeipa mche mwingine ile samadi iliyobaki bandani. Uko nje, mzima. Majani ya wapi?"

Nikamega tonge. "Ya mikoroshoni."

"Mikoroshoni ulipiga dawa lini?"

Nikatafuna.

"Lini, baba?"

"Siku nne kabla ya kufyeka."

"Dawa ya kuua nini?"

"Ya kuua magugu. Nyanya si gugu."

"Ile dawa haijui jina la mmea. Umewahi kwenda kutazama ilichoua kule? Ukoka umesimama mpaka leo. Nimeupalilia mwenyewe, mikono yangu hii imechubuka. Vilivyokufa ni mgagani na mbigili na mchicha pori, vyote vya majani mapana. Nyanya jani lake ni jembamba? Kunde jani lake ni jembamba?"

Nilimtazama. "Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku siku uliyotoka ofisini. Nikaona nijaribu kwanza."

"Kwa nini hukusema siku hiyo?"

"Ungenisikia?"

Nilinyanyuka, nikachukua lile kopo la mche uliosokotwa, nikatoka nalo, nikalitupa nyuma ya choo. Severina akatoka baada yangu bila haraka. Akaliokota, akaurudishia mche udongo wake kwa vidole, akaja akaliweka palepale mkekani, mbele ya ugali wangu. Kisha akakaa akanitazama nikila. Sikuweza kumaliza.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Agatha. Alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, wajomba zetu wawili wamekaa kwenye viti. Kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chai.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa. Mmakua wako yuko wapi?"

"Hakuitwa."

"Vizuri. Tutamwita akishaamuliwa." Akanisogezea sahani. "Mimi sikumtaka tangu mwanzo, unakumbuka. Wewe ndiye uliyesema masikini, masikini. Sasa masikini kakuroga. Atoke. Kile kipande Walter atalima."

Walter ni mwanawe wa mwisho. Yuko Mtwara, hajawahi kushika jembe kwa wiki nzima mfululizo. Nikaelewa kwa nini mihogo ilikuwa mingi.

Mjomba mkubwa akasema kwamba mchawi hafukuzwi kwa mdomo, apelekewe barua. Mjomba mdogo akasema apewe mwezi mmoja avune. Agatha akasema mwezi mwingi, wiki mbili. Walikuwa wakipanga kama watu wanaogawana nyama. Mimi nilikuwa nakula mhogo. Nilikula vipande vitatu. Kama ningekula cha nne nadhani ningenyamaza moja kwa moja, maana kila kipande kilifanya kunyamaza kuwe kwepesi zaidi.

"Nyanya niliziua mwenyewe," nikasema.

Agatha akanitazama. "Unasemaje?"

Nikawaeleza. Dawa, magugu, pipa, makopo ya Severina. Sikuongeza na sikupunguza. Mjomba mkubwa aliweka kikombe chini.

"Nani anajua hili?" Agatha akauliza.

"Mimi na Severina."

"Severina mke wako. Mwambie anyamaze." Akaumega mhogo vipande viwili. "Hatumfukuzi kwa sababu ya nyanya. Tunamfukuza kwa sababu ardhi ni yetu. Nyanya zimetusaidia tu kusema."

"Dada, nimemwita mchawi ofisini. Imeandikwa."

"Basi imeandikwa. Unataka uende ukaandikwe mjinga?"

"Ndiyo."

"Baba yetu alisema wewe una kichwa kama gogo."

"Alisema. Sultani hanyang'anywi kipande chake. Mimi nilimpa, mimi ndiye ninayelima bondeni, na mkimtoa nitasema kanisani sababu yake mbele ya watu wote, na jina la Walter nitalitaja."

Agatha aliivuta ile sahani ya mihogo kutoka mbele yangu, akaiweka upande wake. Tangu siku ile nikifika kwake ananipokea nje, sipewi kiti.

Nilishuka bondeni mchana uleule na shati lilelile. Kabla sijafika nilisikia sauti ya mizizi ikikatika. Sultani na Yasmini walikuwa shambani kwao, kila mtu kwenye tuta lake, wanang'oa nyanya. Si zile sitini. Zile zilishachomwa. Walikuwa wanang'oa nzima, zenye matunda ya kijani yaliyoanza kupauka, na kuzitupa kwenye rundo. Fito zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa kamba. Migomba michanga ilishang'olewa, imefungwa kwenye viroba.

Sultani aliponiona aliacha kazi. Akavua kofia. Kwa umri amenizidi miaka miwili, na kwa miaka yote ile nilipotokea alikuwa akianza na tusi kabla sijafika.

"Shikamoo, Mzee Optatus," akasema.

Sikuweza kuitikia. Mtu anayekuzidi umri akikuamkia shikamoo, unaitikiaje?

"Sultani, acha kung'oa."

"Ukoo umekaa leo. Tumeona tusiwape kazi ya kutuletea barua."

"Ukoo umekaa, hutoki. Nimekuja kukwambia ubaki. Ni mimi. Yale majani niliyotia kwenye pipa yalikuwa na dawa ya magugu. Nilipiga mwenyewe. Severina amejaribu kwenye kunde, imesokotwa vilevile. Hukufanya kitu."

Yasmini aliacha kung'oa. Sultani akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi.

"Najua kwamba sikufanya kitu," akasema. "Hilo hukuhitaji kushuka mlima kuniambia."

"Nimekuja kusema nimekosa."

"Nilikuletea mashina matano mkononi. Uliyaona."

"Niliyaona."

"Ukasema nimeyaua mwenyewe nijifiche."

"Nilisema."

"Mwenyekiti akakuuliza, kwa utani au kwa kweli. Alikuuliza taratibu. Alikuachia mlango."

"Nilisema kwa kweli. Ndiyo. Sasa nitukane."

Akapangusa udongo mikononi.

"Nitukane, mtani. Mimi, mke wangu, babu yangu, unayemtaka. Chukua mbuzi. Chukua wawili, wako bandani."

"Sina neno na wewe, mzee wangu."

"Nitukane, Sultani."

"Siwezi kukutukana," akasema. "Wewe ni mwenye ardhi na mimi ni mtu niliyeandikwa. Mtu aliyeandikwa akimtukana mwenye ardhi, hiyo ni kesi."

Akavaa kofia, akainama, akashika shina linalofuata. Lilikuwa na matunda tisa. Niliyahesabu kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Akaling'oa.

Yasmini ndiye aliyenisindikiza mpaka mwisho wa tuta, si kwa heshima, nadhani alitaka kuhakikisha naondoka. "Mimi uliniita mchawi nikiwa sipo," akasema. "Leo nipo. Umesema umekosa kwake. Kwangu hujasema."

"Nimekosa, Mama."

"Nimesikia," akasema, na akarudi kung'oa.

Waliondoka Jumatano. Bodaboda mbili, safari mbili mbili, kushuka Masasi kwenda Chiungutwa. Godoro lilifungwa wima nyuma ya dereva. Nyumba waliifunga kwa kufuli, ingawa ndani hamkubaki kitu.

Nilikwenda kwa Benedikto nikafuta maneno yangu. Alipiga mstari kwa rula juu ya ukurasa wangu, akaandika pembeni kwamba mlalamikaji amekiri kosa lake mwenyewe, nikatia sahihi. Chini ya mstari maneno yanasomeka yote. Nikamwuliza ukurasa wa Sultani, ule wa sumu na sanda.

"Ule mwenye kuufuta ni yeye," Benedikto akasema. "Akija, nitaufuta."

Hajaja.

Hesabu ya yote ni hii. Mashina mia tano na arobaini ya kwangu. Mashina sitini ya kwake yaliyokufa kwa pipa langu, na mia mbili na kumi na nne mazima aliyoyang'oa kwa mkono. Hatua arobaini kwa ishirini na tano za ardhi, ambazo mwaka huu zimeota nyasi, kwa sababu Walter alikuja siku mbili akarudi Mtwara. Pipa moja nililolitoboa kwa panga. Dada mmoja. Watu wawili waliokuwa na kwao bondeni miaka kumi na moja, na sasa hawana. Ukurasa mmoja uliofutwa na mmoja ambao haujafutwa.